Maswali ya wasomaji: Masharti ya miti na bustani kwenye majengo mapya

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu walio katikati ya ujenzi: kibali wanacho, kuta zimesimama, na ule ukurasa wa mwisho wa masharti, unaohusu miti, nyasi na maji ya mvua, ndiyo kwanza wanausoma. Kanuni za halmashauri hazifanani. Viwango tunavyovitaja hapa ni vile mlivyotuandikia wenyewe, au vipimo vya kawaida vya kazi hii. Vikipingana na barua ya kibali chako, fuata barua.

Kiwanja changu ni mita za mraba 1,200. Kibali kinadai asilimia 15 iwe eneo la kijani, na mti mmoja kwa kila mita za mraba 50 za eneo hilo. Nimeacha ukanda wa sentimita 60 kando ya ukuta wa uzio, urefu wa mita 130, na kwenye maegesho nimeweka vitofali vyenye matundu ya nyasi, mita za mraba 110. Jumla napata 188, na kinachotakiwa ni 180. Mkaguzi anasema sijafika hata nusu. Nani amekosea?
*Mwenye ghorofa nne*

Kujumlisha umejumlisha sawasawa, ila umetia ndani vitu ambavyo kanuni haivihesabu. Sehemu ya ufafanuzi mwanzoni mwa kanuni ndiyo inayosema eneo la kijani ni lipi, na watu wengi huiruka wakaenda moja kwa moja kwenye asilimia. Kwa kawaida ukanda wenye upana chini ya mita moja hautambuliwi, na vitofali vya matundu hupewa nusu ya eneo lake au pungufu. Kwa hesabu hiyo ukanda wako wa mita za mraba 78 ni sifuri, na vitofali vinakupa 55. Mkaguzi yuko sahihi.

Sababu ya kukataa ukanda mwembamba utaiona ukichimba. Zege la msingi wa ukuta hutokeza chini ya udongo kiasi cha sentimita 20. Upande wa pili, mawe ya ukingo yameshikwa na zege lake la sentimita 10 hadi 15. Kwenye sentimita 60 ulizoziona juu, chini kumebaki udongo wa sentimita 25 au 30, tena wenye chokaa na vipande vya matofali. Hapo hata nyasi hupata taabu, sembuse mti.

Dawa yake ni kuikusanya ardhi hiyo mahali pamoja badala ya kuitandaza. Futa ukanda wa pembeni, sakafu ifike ukutani, kisha nafasi uliyoiokoa uihamishie nyuma na mbele, ukiiongezea na nyingine. Nyuma, mita 30 kwa 2 ni mita za mraba 60. Mbele, mita 22 kwa 3 ni 66. Ukiongeza 55 za vitofali unapata 181. Kuhusu miti, 180 ukigawa kwa 50 ni 3.6, na sehemu ya mti huhesabiwa mti mzima, kwa hiyo ni minne.

Kabla hujapeleka ramani upya, uliza kuhusu mambo matatu ambayo hukataliwa mara kwa mara: vyungu, udongo ulio chini ya baraza la ghorofa ya juu (mvua haifiki, mimea hufa), na eneo lililo juu ya shimo la maji machafu.

Ramani yangu ya mandhari imerudishwa mara mbili kwa neno moja tu: "haijakamilika". Mchoraji anasema miti yote iko. Kinakosekana nini?
*Niko tayari kuanza, ofisi haiko tayari*

Miti ikiwepo peke yake, huo bado ni mchoro wa miti. Afisa anataka aone kila kitu kinachogombea nafasi na miti hiyo. Ramani inayopita huwa na kipimo cha 1:100 au 1:200, alama ya kaskazini, mipaka yenye urefu, jengo pamoja na ukingo wa paa, miti iliyopo na unene wa shina lake, miinuko ya ardhi ya sasa na ya baadaye, mabomba, chemba, nguzo za taa, nyaya za juu na mlango wa gari. Kisha jedwali la mimea.

Jedwali ndilo linaloangusha wengi. Mstari mmoja uliokamilika husomeka hivi: alama T1, *Terminalia mantaly*, idadi 4, urefu wakati wa kupanda mita 2.5, unene wa shina sentimita 3, chombo cha lita 50, nafasi kati ya mti na mti mita 6, upana wa matawi ukikomaa, kama ulivyoandikwa na kitalu. Jina la kitaalamu ni la lazima. Ukiandika "mvinje" peke yake, kitalu kimoja kitakuletea *Casuarina equisetifolia* na kingine *Casuarina junghuhniana*, na baadaye mkaguzi hana cha kulinganisha nacho.

Chukua kalamu uhesabu alama za T1 kwenye mchoro. Jedwali likisema 4 na mchoro ukionyesha 5, ramani itarudi, na ni haki irudi, kwa sababu mkandarasi atapanda idadi iliyo ndogo. Angalia pia ukubwa wa duara. Wachoraji wengi huchora mti kwa ukubwa wa mche unaotoka kitaluni. Duara linapaswa kuonyesha upana wa matawi ya mti uliokomaa, na ukilichora hivyo utashangaa ni miti mingapi inaingia kwenye paa au inafunika taa.

Mwisho, laza ramani ya mandhari juu ya ramani ya mifereji na ya umeme. Mara nyingi zimechorwa na watu watatu wasioonana, na mti wa tatu kutoka lango ndio unakaa juu ya chemba.

Nina kiwanja cha kona. Nimepanda ua mzuri wa mimea kwenye tuta lililojengwa kwa mawe, kimo cha mimea sentimita 50 tu. Nimeamriwa niung'oe kwa sababu "unazuia kuona". Sentimita 50 zinamzuia nani?
*Kona ya barabara mbili*

Zinamzuia dereva, kwa sababu kimo hakipimwi kutoka kwenye udongo wa tuta lako. Kinapimwa kutoka usawa wa lami. Kama tuta lina sentimita 40, mimea yako ina kimo cha 90 machoni pa mtu aliye barabarani. Jicho la dereva wa gari dogo huchukuliwa kuwa takribani mita 1.05 juu ya barabara, na mtoto anayevuka ni mfupi kuliko hapo.

Kanuni huchora pembetatu kwenye kona. Unaanza pale kingo mbili za barabara zinapokutana, unapima umbali uliotajwa kila upande (mita 6 ni mfano wa kawaida, kwenye mlango wa gari huwa mita 2 hadi 3), kisha unaunganisha ncha. Ndani ya pembetatu hiyo, kati ya kimo cha sentimita 60 na mita 2 hivi, pawe wazi. Mti mmoja wenye shina jembamba unaweza kuruhusiwa, ilimradi matawi ya chini yamekatwa kupita kimo hicho.

Usiung'oe ua wote. Teremsha tuta ndani ya pembetatu tu, upande mimea ambayo kimo chake cha mwisho hakizidi sentimita 40 hata usipoikata. Mmea unaohitaji mkasi kila mwezi ili ubaki chini ni kesi inayosubiri mwezi ambao mtunza bustani atakuwa likizo.

Kuna mti mkubwa katikati ya kiwanja na kibali kimesema ulindwe. Shina lina mzingo wa sentimita 157. Fundi anataka kuinua ardhi kwa sentimita 30 za udongo kuzunguka mti ili maji yateremke vizuri, na anasema ilimradi hatukati kitu, mti uko salama. Ni kweli?
*Mti wa zamani kuliko sisi*

Si kweli, na hiki ndicho kifo cha miti mingi iliyoandikiwa kulindwa. Mizizi mingi inayolisha mti hukaa kwenye sentimita 60 za juu, kwa sababu huko ndiko kuliko na hewa. Ukiongeza sentimita 30 za udongo na kuzishindilia, umeinyima hewa. Mti hauanguki siku hiyo. Utaona matawi ya juu kabisa yakikauka mwaka wa pili au wa tatu, wakati mkandarasi keshalipwa na kila mtu anasema ni ugonjwa.

Kipimo kinachotumika sana ni hiki: pima mzingo wa shina kwenye kimo cha mita 1.5, ugawe kwa 3.14 upate kipenyo, uzidishe kwa 12. Wako ni 157 kugawa kwa 3.14, yaani 50. Mara 12 ni sentimita 600. Basi duara la mita 6 kutoka kwenye shina, karibu mita za mraba 113, lisiguswe. Baadhi ya halmashauri hupima kwenye kimo cha mita 1.3 au 1.4, au hutumia ukingo wa matawi. Angalia barua yako.

Uzio wa muda wa kulinda duara hilo uwekwe kabla katapila halijaingia, wala si wiki moja baada ya kusafisha kiwanja. Uwe wa nguzo na mabati au wavu mgumu, kimo cha mita 2, ambao hauwezi kusogezwa na mtu mmoja. Utepe wa plastiki hauzuii kitu: ukigeuka, mchanga umemwagwa ndani. Ndani ya uzio pasiwekwe matofali, lisipite gari, na mashine ya zege isioshewe hapo. Maji ya saruji yana alkali kali, kinyume cha uchachu, na huchoma mizizi na kubadilisha udongo kwa muda mrefu.

Bomba likilazimika kupita, chimbeni kwa mkono. Mizizi yenye unene wa kuanzia milimita 25 iachwe, bomba lipite chini yake. Iliyo midogo ikatwe kwa msumeno safi, isichanwe kwa jembe. Mtaro ufukiwe siku hiyohiyo, au mizizi ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa. Na maji ya fundi wako yateremshwe kwa mfereji wa juujuu unaopita nje ya duara. Ardhi iliyo ndani ibaki na usawa wake wa zamani.

Tulipanda miti 12 kwenye maegesho kama tulivyoagizwa. Miezi minane, mitano imekufa na mingine ina majani ya njano. Tunamwagilia kila siku. Halmashauri inashikilia dhamana yetu na inataka tuipande upya. Tukipanda tena si itakufa tena?
*Msimamizi wa jengo la maduka*

Itakufa tena, ndiyo, mkipanda kwenye mashimo yaleyale kwa namna ileile. Ng'oeni mmoja uliokufa mwuchunguze kabla ya kununua mwingine. Mti mfu una maelezo mengi.

Anzeni na kitako, yaani pale shina linapotanuka kuwa mizizi. Kinatakiwa kionekane juu ya udongo. Kama shina linazama ardhini limenyooka kama nguzo, mti ulipandwa chini mno, au udongo uliongezwa baadaye. Gome la shina halikuumbwa kukaa kwenye unyevu, huoza. Hilo hutokea hasa pale shimo linapochimbwa refu, likajazwa udongo laini chini, kisha mti ukashuka pamoja na udongo huo baada ya kumwagilia. Shimo liwe na upana wa mara mbili hadi tatu ya donge la mizizi, na kina kisichozidi kimo cha donge. Donge likae juu ya ardhi ambayo haikuchimbwa.

Kisha osheni donge. Kama mizizi inazunguka kwa umbo la kiriba ulimotoka mche, mti haukuwahi kuingia kwenye udongo wenu. Mche uliokaa kitaluni muda mrefu mno huwa hivyo. Kabla ya kupanda, mizizi hiyo ikatwe wima sehemu tatu au nne, au inyooshwe. Kiriba kiondolewe chote. Bado kuna mafundi wanaokipasua chini tu na kukiacha.

Sasa udongo. Siku moja baada ya kumwagilia, chukueni nondo ya milimita 10 mwisukume kwa mkono. Isipopita sentimita 15, udongo umeshindiliwa. Na lazima uwe umeshindiliwa, kwa sababu maegesho yote hushindiliwa kabla ya lami, na mashimo ya miti hukatwa baadaye katikati ya ardhi hiyo ngumu. Hapo jaribuni jambo la pili: jazeni shimo tupu maji. Yakibakia mpaka kesho yake saa ileile, shimo lenu ni ndoo. Mnamwagilia kila siku, maji hayana pa kwenda, mizizi inakosa hewa na majani yanakuwa ya njano. Wengi wakiona njano huongeza maji.

Tatizo kubwa zaidi linaweza kuwa ukubwa wa shimo. Mti wenye matawi ya upana wa mita 6 unafunika karibu mita za mraba 28. Kwa kadirio la mita za ujazo 0.6 za udongo kwa kila mita ya mraba ya matawi, unahitaji mita za ujazo 17 hivi. Kwa kadirio la chini kabisa, nusu ya hapo. Shimo la kawaida la maegesho, mita 1.2 kwa 1.2 kwa kina cha 0.9, lina mita za ujazo 1.3. Mti utaishi miaka michache kisha utadumaa au kuinua lami. Kwa hiyo msipande tena mitano mahali palepale. Iombeni halmashauri iwaruhusu kuunganisha mashimo kuwa mtaro mmoja: upana wa mita 2, kina cha mita 0.9, urefu wa mita 15 unawapa mita za ujazo 27 kwa miti mitatu. Bado si anasa, lakini ni 9 kwa kila mti badala ya 1.3. Mtapoteza nafasi mbili au tatu za magari. Lijadilini mapema, kwa kuwa idadi ya maegesho nayo ni sharti la kibali hichohicho.

Katika mtaro huo, vunjeni sakafu ngumu mpaka sentimita 60 angalau, mtoboe pande zilizolainishwa na koleo, mrudishe udongo wa juu uliohifadhiwa, mchanganye na mboji isiyozidi robo ya ujazo. Mkijaza mboji tupu itaoza, udongo utashuka, kitako kitazama. Matandazo yawe sentimita 5 hadi 8, na yaache pengo la sentimita 10 kuzunguka shina. Nguzo mbili nje ya donge, zifungwe na utepe mpana unaolegea kidogo kwenye theluthi ya chini ya shina, na ziondolewe baada ya mwaka. Tumeona waya ukimezwa na gome; mti wa namna hiyo huvunjika hapohapo siku ya upepo.

Maji: lita 20 hadi 30 kwa mti mara mbili au tatu kwa wiki katika miezi mitatu ya mwanzo, kisha mara moja kwa wiki hadi mwaka uishe, mkipunguza mvua ikinyesha. Kabla ya kumwagilia, mwagiliaji achomeke kidole au kijiti sentimita 10. Pakiwa na unyevu, aondoke.

Kuhusu dhamana, andikeni barua yenye tarehe na picha ya kila mti, mkiambatisha vipimo vya udongo na mchoro wa mtaro. Ulizeni pia kama muda wa uangalizi, yaani ule ambao dhamana inashikiliwa, unaanza upya kwa miti yote au kwa iliyobadilishwa tu. Jibu la swali hilo ni mwaka mzima wa fedha zenu.

Sharti linasema mvua ya milimita 20 ya kwanza ibaki ndani ya kiwanja changu. Paa ni mita za mraba 200. Nitaiweka wapi?
*Jirani wa chini analalamika*

Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Milimita 20 kwa 200 ni lita 4,000. Ukitoa asilimia 10 ya yanayobakia kwenye paa na kurukia nje, 3,600. Bustani ya mvua, yaani bonde dogo lenye mimea linalopokea maji yakanywea ardhini, yenye kina cha sentimita 15 inahitaji mita za mraba 24 kubeba kiasi hicho. Ukiwa na tenki la lita 2,000 ambalo linatumika kweli kila siku, unaweza kupunguza mpaka mita za mraba 11 hivi, lakini halmashauri nyingi hazihesabu tenki, kwa kuwa tenki lililojaa tangu jana halipokei kitu leo.

Jaribu udongo kabla ya kuamua mahali. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze, liache likauke, lijaze tena, kisha upime maji yanashuka milimita ngapi kwa saa. Yakishuka 25, sentimita 15 zitaisha kwa saa 6, vizuri sana. Yakishuka 5, ni saa 30, bado inakubalika. Kikomo tunachokishauri ni saa 48: mbu huhitaji wiki moja hivi kutoka yai hadi kuruka, hivyo dimbwi linalokauka ndani ya siku mbili haliwazalishi.

Bustani ikae angalau mita 3 kutoka kwenye msingi na mbali na shimo la maji machafu. Ardhi inayozunguka jengo ishuke sentimita 15 ndani ya mita 3 za mwanzo. Pawe na mlango wa maji ya ziada wenye mawe, unaoelekea kwenye mtaro wa barabara, usielekee kwa jirani. Mvua ya milimita 60 itakuja na sharti lako ni la 20 tu.

Kosa linaloharibu bustani hizi ni kuzichimba mapema. Zikiwa wazi wakati ujenzi unaendelea, hupokea tope laini la saruji na udongo, linaziba matundu, na bustani inakuwa bwawa. Ichimbe mwisho kabisa, na katapila lisimame pembeni, lisiingie ndani.

Jengo limekwisha lakini ni kiangazi. Tukipanda sasa tunaua miche, tusipopanda hatupati cheti cha kutumia jengo. Tufanyeje?
*Wapangaji wanasubiri*

Ombeni kuahirisha, kwa maandishi, kabla ya ukaguzi. Afisa husikiliza zaidi mtu aliyemaliza kila kisichohitaji mvua: kingo, mashimo, udongo, mabomba ya maji, njia za miguu. Ambatisheni mkataba uliosainiwa na kitalu, tarehe ya mwisho ya kupanda na dhamana ya fedha. Dhamana huwa kubwa kuliko gharama yenyewe, kwa mfano asilimia 110 hadi 125, ili halmashauri iweze kumlipa mwingine mkitokomea.

Kitalu hakina aina iliyo kwenye ramani. Naweza kuleta inayofanana?
*Mkandarasi wa bustani*

Ukipata idhini kwanza. Kinachofanana machoni si lazima kifanane kwa upana wa matawi, mizizi au uhitaji wa maji, na mkaguzi anabeba jedwali. Peleka ombi la mstari mmoja: aina iliyokosekana, mbadala, kimo na upana wake ukikomaa. Usipendekeze *Lantana camara* wala lusina, *Leucaena leucocephala*. Yote mawili yamo kwenye orodha ya kimataifa ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi. Karibu na shule au kituo cha watoto, *Nerium oleander* na *Cascabela thevetia* hukataliwa kwa sababu ya sumu, na zote mbili vitalu hupenda kuziuza maana hazifi ovyo.

Natakiwa niweke kizuizi cha mimea cha mita 30 kati ya jenereta yangu na nyumba za jirani, upana mita 3, kimo mita 1.8 ndani ya miaka miwili. Mistari mingapi? Kelele zitakwisha?
*Mwenye karakana*

Mistari miwili ya kupishana, mita moja kati ya mmea na mmea: mstari wa kwanza 31, wa pili 30, jumla 61. Nunua 67, sita ukaipande pembeni iwe ya kuzibia mapengo, maana mmea mpya kutoka kitaluni hautalingana kimo na wenzake. Chagua mimea isiyopukutisha majani na inayotoa matawi tangu chini. Ile inayopanda juu ikaacha miguu wazi huonyesha jenereta vizuri tu.

Kelele hazitakwisha. Mita 3 za majani huficha, hazizuii sauti. Jirani akilalamikia mlio, jenga ukuta mzito usio na mianya, mrefu kuliko jenereta, uliosimama karibu nayo, na mimea ikae upande wa jirani.

Tumeuza nyumba zote kumi za mradi. Nani sasa anawajibika na bustani ya pamoja?
*Mwendelezaji mdogo*

Sharti la kibali huambatana na ardhi, kwa hiyo wanunuzi wamelirithi, wawe wanajua au hawajui. Wewe unabaki na dhamana mpaka muda wa uangalizi uishe. Wakikata mti mwezi wa kumi na moja wa muda huo, fedha inayoshikiliwa ni yako. Wape ramani iliyopitishwa pamoja na jedwali la mimea, ratiba ya maji na kupogoa, na jina la atakayelipa bili ya mita ya bustani. Hilo la mita liamueni wiki hii. Bomba la bustani likiwa limeungwa kwenye mita ya nyumba namba moja, mwenye nyumba namba moja atalifunga bili ya kwanza ikifika.